Mguu Uliotangulia Nyumbani

Mguu wa kulia wa mpwa wangu umezikwa Butembo, mtaani Bulengera, nyuma ya nyumba ya bibi yake, kati ya migomba na mstari wa maharage. Mwenyewe yuko hai. Mimi ndiye niliyeubeba mguu huo kutoka Beni, juu ya lori, ndani ya sanduku la mbao, katika miaka ya vita. Watu wanaponisikia nikisimulia hudhani nataka kuwachekesha, au kuwatisha. Nataka tu kueleza jinsi mtoto alivyopona, na siwezi kulieleza jambo hilo bila kupitia kwenye sanduku.

Wakati ule sikuwa na makao. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu matako yangu hayakuelewana na benchi. Nilifyatua matofali, nikachunga ng'ombe wa mtu upande wa Lubero, nikapakia kahawa, mwishowe nikawa konvoyeri, yule kijana anayekaa juu ya mzigo wa lori na kuruka chini na kigogo mkononi ili akizuie gurudumu mlima unapolishinda gari. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, ana nyumba yake Mulekera, mtu wa maneno machache. Tulimwita patron. Tulipeleka maharage na kahawa hadi mpakani Kasindi, tukarudi na chumvi, sabuni na mabati. Kazi ile niliipenda kwa sababu kila siku ilinipa watu wapya wa kuuliza maswali. Niliwauliza madereva kwa nini dizeli haiwaki kama petroli, nikawauliza masista kwa nini mishumaa ya kanisani haitoi moshi mwingi, nikawauliza askari kama kofia ya chuma inachoma kichwa juani. Wengine walijibu. Wengine walinifukuza.

Dada yangu mkubwa aliolewa Bulengera. Mumewe alikwenda machimboni Ituri kutafuta dhahabu, barabara zikafungwa nyuma yake, na tukabaki na habari za kusikia tu. Dada akaishi kwa mama mkwe wake pamoja na watoto. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Kila nilipofika alikuwa akiniuliza, "Mujomba, leo balikufukuza wapi?"

Goti lake lilianza kuuma kabla ya kiangazi. Alikuwa ametoka kisimani na bidoni ya maji, akateleza kwenye mteremko, akaanguka. Ndivyo sote tulivyojua: ameanguka, goti limevimba. Kwetu vilima ni vingi na watoto huanguka kila siku. Uvimbe haukushuka. Nikasema najua la kufanya.

Palikuwa na mzee mmoja Vulamba, fundi wa kuunga mifupa. Bega langu lilipochomoka nilipoanguka kutoka juu ya mzigo, yeye ndiye aliyelirudisha, kwa mafuta ya mawese na majani ya moto, na mpaka leo bega hilo linabeba gunia. Kwa hiyo nilimpandisha mpwa wangu kwenye pikipiki nikampeleka. Wazo lilikuwa langu, si la dada wala la bibi. Mzee alilikanda goti, akalifunga vijiti, akatuambia turudi wiki ijayo. Tulirudi wiki ijayo, na iliyofuata, na nyingine. Mtoto aliuma kitambaa asilie. Goti likazidi kuwa kubwa, likang'aa, na likawa la moto ukiliwekea mkono. Niliporudi safarini baada ya miezi miwili hivi, mzee mwenyewe aliniita kando.

"Kijana, hii haiko muvunjiko," alisema. "Muvunjiko inasikiaka mikono yangu. Hii haisikie. Ondosha mutoto kwangu, peleka kwa banganga ya radio."

Radio, kwetu, ni ile picha ya mifupa. Nilimheshimu mzee yule kwa kukiri, na ninamheshimu bado. Lakini miezi miwili ilikuwa imekwenda.

Patron alimjua daktari mmoja wa Beni. Alimpa mtoto nafasi mbele, kwa dereva, pamoja na mama yake, mimi nikakaa juu kama kawaida. Hospitalini tulingoja mpaka jenereta ikapata mafuta, kisha wakampiga picha ya goti na picha ya kifua. Daktari alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliinua picha ya goti dirishani. Mfupa juu ya goti ulikuwa umeota nyuzi nyuzi zilizotoka nje pande zote, kama ndevu za hindi bichi.

"Kansa ya mfupa," alisema.

Nilikuwa nikidhani kansa ni ugonjwa wa wanawake wazee. Daktari akasema hii inapenda watoto wakati wa kurefuka, na inapenda goti kwa sababu hapo ndipo mfupa unapokua kwa haraka. Kuanguka hakukuileta. Kuanguka kulitufanya tu tuliangalie goti. Dada yangu alikuwa ameacha kusikia. Mimi ndivyo nilivyo, niliendelea kuuliza, kwa sababu nikinyamaza ndipo woga unaponikamata.

"Muguu njo inauma. Kwa nini ulipiga picha ya kifua?"

"Hii ugonjwa ikitembea, inaendaka mu mapafu. Mutoto mwenye mapafu safi na mutoto mwenye mapafu yenye madoa, hawako sawa." Akainua picha ya pili. "Huyu, sione kitu. Leo sione kitu."

"Kuko batoto wanapona?"

"Bako."

"Nini inafanya huyu apone na huyu hapana?"

Alinitazama kama mtu asiyeulizwa swali hilo mara nyingi, akavuta kiti. Alisema kifua ndicho cha kwanza. Kisha ukubwa wa uvimbe, na wetu ulikuwa mkubwa lakini si mkubwa kupita kiasi. Kisha mahali: goti ni afadhali kuliko nyonga, kwa sababu juu ya goti kuna nafasi ya kukata na kubakiza sehemu nzima. Mfupa usivunjike kabla ya kukatwa. Mtoto awe na nyama mwilini ya kustahimili dawa, na dawa ziishe zote, maana kisu peke yake hakitoshi. Mbegu ndogo ambazo picha haizioni, dawa ndiyo inayozitafuta.

Nikauliza lililobaki. "Na kukanda?"

Aliishusha picha. "Kama kukanda kulisukuma ugonjwa, siwezi kukuapia. Kile najua, ilikula miezi. Usikande tena. Mais, lakini, usikae pia kujihukumu hapa ndani, niko na kazi na wewe." Akashusha sauti. "Batoto wengi wenye nilipoteza walikuja na kifua safi. Familia ilisikia neno kukata, ikabeba mutoto, ikarudi naye nyumbani. Wakamurudisha kisha miezi sita. Hapo hakuna tena ya kukata."

Sasa nieleze ugumu wetu. Dada yangu alikubali palepale, akilia. Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Mbuzi wa mahari walitolewa na kupokelewa, na mimi mwenyewe nilikula nyama ya mmoja. Baba hayupo, kwa hiyo neno lilikuwa la bibi. Hakuna daktari wa kwetu ambaye angemkata mtoto huku bibi wa upande wa baba amekataa, na kama angekuwepo, dada yangu asingeweza kurudi tena kwenye nyumba ile.

Nilikwenda Butembo na lori nikarudi na bibi. Alikuja na kikapu cha maharage na kitenge chake cha kanisani. Daktari alimpa kiti, akaongea naye polepole, akamwonyesha picha.

"Mama, unakubali tukate muguu?"

"Hapana."

Akaeleza upya. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Hapana."

Siku ya pili muuguzi mkubwa alijaribu, siku ya tatu katekista wa hapo hospitalini. Wote walihubiri juu ya uhai. Walimwambia kilema anaweza kusoma, kilema anaweza kuolewa, Mungu hatazami miguu. Bibi aliitikia kila neno kwa kichwa, na mwishoni akasema hapana, kwa adabu ileile. Dada yangu alikuwa akikaa kando ya kitanda bila kumtazama mama mkwe wake. Daktari alinivuta kwenye korido.

"Siwezi kumulazimisha. Mais ile kifua nilikuonyesha, ni kifua ya wiki ile. Sijue itakuwa safi mpaka siku gani."

Bibi alikuwa amefikia kwa patron, Mulekera, maana hatukuwa na ndugu Beni. Asubuhi moja nilimkuta uani akichambua maharage na mke wa patron. Patron mwenyewe alikuwa kibarazani, ameshika mpira wa gurudumu akitafuta tundu kwa mate. Nilikaa chini karibu na bibi nikachukua maharage nami nikachambua. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na udadisi tu: watu watatu walikuwa wamemjibu mama huyu maswali ambayo hakuyauliza.

"Koko, unakatala nini hasa?"

"Nilisema nakatala."

"Unaogopa mutoto akuwe kilema?"

"Nilizaa kiziwi nikamulea mpaka akaoa. Kilema inifanye nini?"

"Unaogopa atakufa pale mezani?"

"Kufa iko ya Mungu. Na wewe unatupa maharage mazuri, angalia."

Niliokota yale niliyoyatupa. "Basi inabaki nini?"

Alichambua kiganja kizima kabla ya kujibu. "Siku ya kwanza nilizunguka nyuma ya hospitali kutafuta choo. Niliona shimo, na moshi inatoka. Nikauliza mwanamuke wa kufagia: munachomaka nini? Akasema, takataka, na vitu vya pale mezani. Donc, basi, muguu ya mutoto wangu itaingia pale, na bandeji ya watu wenye sijue. Sisi hatuchomake mutu. Kama banachoma muguu, yeye mwenye kubakia atakuwa nani? Ataonyesha wapi na kusema, muguu yangu iko hapa?"

Katika siku zote zile kila mtu alikuwa amemuuliza kama anakubali. Hakuna aliyemuuliza mguu utakwenda wapi.

Kutoka kibarazani patron alisema, bila kuinua macho kwenye mpira wake, "Na sisi vilevile, mama. Kiungo ya mutu haitupwe. Unaifunga kitambaa, unaizika. Baba yangu, mashine ya kukoboa kahawa ilimukata kidole. Kidole iko makaburini."

Bibi aligeuka. "Kidole?"

"Ya katikati."

"Na baba yako?"

"Aliishi miaka mingi. Kila sikukuu alikuwa anaenda kuisalimia."

Mke wa patron akasema hilo ni kweli, na kwamba mkwe wake alikuwa akiwaambia watoto wakae kimya pale, kidole kinalala. Bibi alicheka, nikaona kwa mara ya kwanza tangu Butembo kwamba ana pengo mbele.

"Kumbe Baislamu bako na akili," alisema. "Miye nilizani munajua tu kuuza chumvi."

"Na miye nilizani Bakatoliki munazika kila kitu," patron akamjibu.

Akarudi kwenye maharage, kisha akatoa masharti yake kama mtu anayeagiza mboga sokoni. Mguu usichomwe. Upelekwe nyumbani Bulengera, uzikwe siku ileile jua likiwa bado juu. Mimi, mjomba, nitaubeba, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka mtoto kukandwa. Alilijua hilo siku zote na hakuwa amenitajia.

Nilipomwambia daktari alivua miwani akakaa nayo mkononi. "Miaka yote nauliza kama wanakubali," alisema. "Hata siku moja sikuuliza wapi." Alisema atautoa mguu, lakini ufungwe vizuri, sanduku lipigwe misumari, na usikawie njiani.

Nilikwenda kwa seremala wa karibu na soko nikampa vipimo.

"Sanduku ya nini?"

"Ya muguu."

"Muguu ya meza?"

"Ya mutu."

Akaniangalia aone kama ninamchezea, kisha akapiga randa mbao zile pande zote, hata za ndani ambazo hakuna mtu angeziona.

Asubuhi ya kukatwa, mpwa wangu aliomba beseni la maji na sabuni. Aliuosha mguu wa kulia mwenyewe, kati ya kidole na kidole, akaomba wembe akapunguza kucha. Tulimwachia. Bibi alikuwa ameshika taulo. Alipomaliza aliniita.

"Mujomba, utaushika vizuri?"

"Kama mayai."

"Usikalie sanduku. Nakujua, unakaliaka kila kitu."

Nikaahidi. Akauliza kandambili ya kulia itakwenda wapi, maana hataihitaji. Bibi akaichukua akaiweka kwenye kikapu, na baadaye sanduku lilipofungwa niliambiwa kandambili imo ndani. Mke wa patron alikuwa ametoa kipande cha kitambaa cheupe, kipya, ambacho hakikuwa kimefuliwa bado.

Mguu ulipotolewa, mimi na dereva tuliondoka Beni kabla ya adhuhuri. Sanduku nililifunga kwa kamba juu ya magunia ya chumvi, nami nikakaa kando yake, si juu yake. Barabara ile ilikuwa na bariyeri nyingi, vizuizi vya askari, na kila bariyeri ilikuwa na mabwana wake. Kwenye mbili za kwanza walimjua dereva. Ya tatu ilikuwa na askari wapya. Mmoja wao, kijana wa rika langu, alipanda juu ya mzigo akagonga sanduku kwa kitako cha bunduki.

"Kuko nini hapa?"

"Muguu."

"Ya mbuzi? Ya ng'ombe?" Aligeuka akawaambia wenzake chini, "Iko nyama."

"Ya mutoto wa dada yangu," nilisema.

Aliondoa kitako cha bunduki juu ya mbao. Chini mmoja aliuliza kama nyama ni nyingi. Yule wa juu aliniinamia.

"Mwenyewe alikufa?"

"Hapana. Banamutibisha Beni. Muguu ilikuwa na ugonjwa, baliikata leo. Bibi yake anataka izikwe nyumbani."

"Iko na myaka ngapi, ule mutoto?"

"Kumi na moja."

Alitazama sanduku, akatazama barabara. Nilikuwa nimejiandaa kulifungua, na nilikuwa nikifikiria jinsi nitakavyolifungua bila kukosa heshima. Aliniomba sigara. Nilikuwa na mbili, nikampa moja, nikaona haya, nikampa na ya pili. Akashuka akafungua bariyeri mwenyewe, akiwaambia wenzake, "Bapite. Iko maziko."

Bulengera tulifika jua likiwa bado linachoma. Baba mdogo wa mtoto, tuliyekuwa tumemtumia habari, alikuwa amechimba shimo, si refu, pale nyuma ya nyumba. Majirani walikuja kwa sababu majirani huja. Katekista wa mtaa alipekua kitabu chake akasema humu hamna sala ya mguu. Mwanamke mmoja akamwambia, "Basi sema Baba Yetu, hiyo inafaaka kila kitu." Akaisema. Tukafukia. Nilirudi Beni na lori lilelile na kumwambia bibi, neno kwa neno, nani alikuwepo, shimo liko hatua ngapi kutoka mgomba wa mwisho, udongo ulikuwa mkavu au mbichi. Mtoto alikuwa amezinduka na anasikiliza, macho nusu wazi.

"Donc niko nyumbani tayari," alisema, kwa ulimi uliolegea. "Nyiye njo muko Beni."

Sehemu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na sitaisimulia yote. Dawa hazikupatikana kwetu. Daktari aliandika barua kwa hospitali kubwa ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na mtoto alitakiwa kwenda huko mara sita, kila baada ya wiki tatu, akae siku kadhaa na mpira wa dawa mkononi. Mbuzi wa bibi walikwenda, parokia ikasaidia, na patron hakuniuliza hata siku moja nafasi ya mbele ya lori lake inakaliwa na nani. Dawa moja ilikuwa nyekundu, na watoto wa wodi ile walishindana nani atakojoa nyekundu zaidi. Nywele zilimtoka. Alitapika mpaka machozi yakamtoka.

Kwenye wodi hiyo niliendelea kuuliza maswali. Nilikaa na wazazi kwenye mikeka, niliowaelewa kwa Kiswahili na wale tulioelewana kwa mikono. Nilitaka kujua kila mtoto alianza lini kuumwa, alipita kwa nani, alikaa muda gani. Karibu wote walikuwa wamepita kwa fundi wa mifupa kama sisi. Mvulana mmoja wa kitanda cha dirishani alikuja mapema kuliko wetu na uvimbe mdogo kuliko wetu, lakini kifua chake kilikuwa tayari na madoa. Alikuwa mchekeshaji. Safari yetu ya nne hatukumkuta. Sitaki mtu asome hapa akadhani kwamba kila mguu uliozikwa vizuri uliokoa mtu.

Safari ya tano barabara ya Kasindi ilifungwa kwa mapigano, na siku zikapita. Ndipo mpwa wangu aliposema imetosha. Alisema mguu umeshakatwa, ugonjwa uliondoka nao, kwa nini atapike tena. Dada yangu alimbembeleza, mimi nikamweleza habari za mbegu ndogo zisizoonekana kwenye picha, na yeye akageukia ukuta. Bibi alikuwa amekuja Beni kumwona.

"Kila Siku ya Mungu kisha misa naenda kuangalia ule muguu wako," bibi alimwambia. "Naiambia: wewe ulitangulia, haya, kaa. Usimwite mwenzako. Mpaka sasa inanisikia. Sasa wewe ukiacha dawa, nitaenda kuiambia nini?"

Mtoto aligeuka kutoka ukutani. "Iambie nakuja polepole," alisema.

Patron alitafuta gari la rafiki yake lililopita njia nyingine. Tulichelewa wiki moja na nusu, lakini dawa ya tano iliingia, na ya sita ikafuata. Picha ya kifua ikawa safi. Baada ya miezi mitatu safi. Daktari wa Beni aliendelea kuiangalia kila baada ya miezi kadhaa, akiielekeza dirishani kama siku ile, na kila mara mimi nilingoja hadi aliposema, "Sione kitu." Nilimpelekea ndizi. Safari moja nilimkuta kwenye korido na familia kutoka porini upande wa magharibi, baba na wajomba wawili, nyuso zimefungwa. Hakuwauliza kama wanakubali. Aliwauliza, "Nyumbani kwenu ni wapi, na kuko nani wa kuchimba?" Wajomba walitazamana. Mmoja akaanza kueleza njia.

Vita vilikwisha, au tuseme vile vilikwisha. Mimi sikutulia. Nilikwenda Kisangani, nikarudi, nikavuka mpaka, nikarudi. Mpwa wangu alikua. Alijifunza kushona, na cherehani yake ya kukanyaga anaikanyaga kwa mguu mmoja kwa kasi inayowaudhi wenye miwili. Alimaliza sekondari, jambo ambalo hukumbuka kulitaja kila nifikapo. Bibi alipokuwa karibu kufa aliomba azikwe nyuma ya nyumba, ubavuni mwa mguu, ili asiuache peke yake na ukaanza kuwa na mawazo. Tulimzika hapo.

Mwaka juzi baba wadogo wa mpwa wangu waliamua kujenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja kile. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nafyatua tena matofali, kazi niliyoanza nayo. Fundi alikuja na kamba na vigingi, akapima, akapigilia kigingi cha kona kati ya migomba. Mpwa wangu alitoka nje na magongo yake akamwambia hapo hapachimbwi.

"Kaburi ya bibi najua," fundi alisema, "tumeiacha pale. Hii ingine ndogo ni ya nani? Ya mutoto?"

"Ni yangu."

"Ya mutoto wako?"

"Hapana. Ni yangu miye."

Fundi alimtazama usoni, akashusha macho polepole hadi kwenye pindo la sketi, akayarudisha kwenye kale kakilima kenye nyasi. Aling'oa kigingi chake, akahesabu hatua tatu kuelekea barabarani, akakipigilia upya, na kamba yote ikasogea.